Etheneti ya shaba: Safari ngumu ya mita 80 za mwisho

MPANGAJI anayehamishia ofisi yake ghorofa ya 12 ya jengo la biashara mjini Chicago anaweza kuarifiwa na kampuni ya simu kwamba huduma yake ya etheneti imekwisha kuunganishwa, ilhali ndani ya ofisi hakuna soketi hata moja yenye uhai.

Kampuni haisemi uongo. Huduma imefika kweli, ila imefika katika chumba cha simu kilicho chini ya jengo, na hapo ndipo wajibu wa kampuni unapokoma. Kipande kilichosalia, kutoka chumba hicho hadi mlango wa mpangaji, ni mzigo wa mtu mwingine.

Kipande hicho mara nyingi hakizidi mita 80. Pamoja na ufupi wake, ndicho huchelewesha watu kuhamia, huzua mabishano kati ya mpangaji, mwenye jengo na kampuni, na hugharimu fedha ambazo hazikuwamo katika bajeti. Ankara nayo kwa kawaida huanza kuhesabiwa tangu siku huduma ilipokabidhiwa chini, si tangu siku kompyuta ya kwanza ilipofungua barua pepe juu.

Ni huduma gani hii

Etheneti ya shaba ni huduma ya data inayopitishwa katika nyaya zile zile za simu zilizolazwa chini ya barabara za miji ya Marekani tangu zama za simu za kukoroga. Badala ya kuchimba mtaro na kulaza faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo, kampuni huchukua jozi kadhaa za nyaya za shaba, mathalani nne au nane, huzifunga vifaa maalumu katika ncha zote mbili, na kuzifanya zibebe mzigo mmoja kwa pamoja.

Utaratibu wake umo katika kiwango cha IEEE 802.3ah kilichoidhinishwa mwaka 2004. Aina inayotumika zaidi maofisini, ijulikanayo kama 2BASE-TL, imejengwa juu ya teknolojia ya SHDSL. Jozi moja huweza kubeba hadi megabiti 5.7 kwa sekunde pale njia ilipo fupi, na walau megabiti 2 katika umbali wa takriban kilomita 2.7. Kiwango hicho kinaruhusu jozi hadi 32 kufungwa pamoja.

Kwa hesabu hiyo, jozi nane zilizo karibu na kituo cha simu huweza kukaribia megabiti 45. Kasi ya kupakua na ya kupandisha ni sawa, jambo linaloitofautisha huduma hii na intaneti ya majumbani, ambayo hupakua upesi na kupandisha kwa kujikongoja. Kabla yake, ofisi nyingi ndogo zilikuwa zikitegemea laini ya T1, ambayo kasi yake ni megabiti 1.5 tu.

Wauzaji wakubwa wa huduma hii hawakuwa wenye nyaya. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996, iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton Februari 8 mwaka huo, iliyalazimisha makampuni ya simu yaliyokuwa na mtandao tayari kuwakodishia washindani wao nyaya zinazoingia katika majengo. Kampuni kama XO Communications, iliyokuja kununuliwa na Verizon mwaka 2017, zilikodi jozi hizo tupu na kuweka vifaa vyao wenyewe.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi huenda asiwe amewahi kukutana na huduma ya aina hii. Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, ofisi za mijini zilielekea zaidi kwenye faiba na minara ya redio kuliko kwenye nyaya za zamani za simu. Lakini swali la nani alipie waya kutoka chini ya jengo hadi juu linamkabili yeyote anayepanga ghorofani, popote alipo.

Mpaka uko wapi

Kabla ya kuvunjwa kwa shirika la Bell, Januari 1, 1984, kampuni ya simu kwa kawaida ilimiliki kila kitu hadi kwenye mkono wa simu uliokuwa mezani. Taratibu zilizofuata ziliugawa mtandao katika sehemu mbili: upande wa kampuni na upande wa mteja. Mahali pande hizo zinapokutana huitwa kikomo.

Kanuni za Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, katika kifungu cha 68.105, ndizo zinazoeleza kikomo kinaweza kukaa wapi. Kwa jengo lenye wapangaji wengi, kampuni inaweza kukiweka mahali pa karibu kabisa panapowezekana na pale waya unapoingia ndani ya jengo, au pale unapovuka mpaka wa kiwanja. Kampuni isipojiwekea utaratibu huo, mwenye jengo ndiye huamua.

Majengo yaliyokuwapo Agosti 13, 1990 yana habari tofauti. Huko kikomo hufuata utaratibu uliokuwa ukitumiwa na kampuni ya mahali hapo, mradi uwe wa haki na usiobagua. Ndiyo maana katika jengo moja la zamani kikomo huwa chini kabisa, na katika jengo jirani huwa ndani ya ofisi ya kila mpangaji, ingawa hata hapo kanuni inataka kisiingie zaidi ya inchi 12, sawa na sentimita 30, kutoka pale waya unapopenya ukuta wa mteja.

Tofauti hiyo ni ya fedha. Kikomo kikiwa ofisini, waya unaopanda ghorofani ni wa kampuni na ukiharibika kampuni huutengeneza. Kikiwa chini, waya ule ule ni wa mwenye jengo, na fundi wa kampuni atakayekuja kwa hitilafu iliyo juu ya kikomo ataandika ankara ya safari yake.

Mpangaji hana haja ya kubahatisha. Mwenye jengo akiuliza, kampuni inapaswa kumweleza kikomo kilipo ndani ya siku 10 za kazi, na isipojibu anaruhusiwa kuchukulia kuwa kiko pale waya unapoingilia. Swali hilo linaulizwa na mwenye jengo, si mpangaji, kwa hiyo mpangaji mwenye busara humwomba mwenye nyumba wake aliulize mapema, kabla ya kutia saini mkataba wa huduma.

Kuna mkanganyiko mwingine unaotokana na ukodishaji wa nyaya. Pale huduma inapouzwa na kampuni shindani, mafundi wanaofika ni wa pande mbili. Kwanza huja fundi wa kampuni yenye nyaya, ambaye huzifikisha jozi katika chumba cha simu, huzibandika lebo yenye namba ya laini, na kuondoka. Siku nyingine huja fundi wa kampuni iliyouza huduma akiwa na kifaa chake. Iwapo kati ya ziara hizo mbili hakuna aliyezipandisha jozi hadi ghorofa ya 12, fundi wa pili hana cha kuunganisha na hurudi alikotoka.

Upandishe shaba au upandishe etheneti?

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, nao mara nyingi hufanywa bila mtu yeyote kujua kuwa ameufanya.

Kifaa kinachogeuza ishara ya jozi za shaba kuwa etheneti ya kawaida huweza kukaa mahali pawili. Kikikaa ofisini juu, kinachopanda ndani ya jengo ni jozi zenyewe za shaba, mbichi. Kikikaa chini katika chumba cha simu, kinachopanda ni etheneti iliyokwisha kuiva. Njia hizo mbili hutumia nyaya tofauti, huvumilia umbali tofauti na huharibika kwa namna tofauti.

Kuzipandisha jozi ni jambo lililozoeleka tangu enzi za simu. Majengo mengi yana kebo nene za shaba zinazopanda katika njia ya wima, zikipitia vyumba vidogo vya nyaya katika kila ghorofa. Ndani yake jozi zimefungwa kwa mafungu ya 25, na kila jozi hutambulika kwa rangi: nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano na zambarau kwa upande mmoja, buluu, chungwa, kijani, kahawia na kijivu kwa upande wa pili. Rangi tano mara tano hutoa jozi 25, na fundi aliyeikariri orodha hiyo hahitaji karatasi.

Umbali si tatizo kwa njia hii. Ishara iliyosafiri kilomita 2 kutoka kituo cha simu haitatikiswa na mita 80 zaidi, ambazo ni nyongeza ya asilimia 4 tu. Kinachoitikisa ni ubora wa viungo.

Kila chumba cha nyaya kina mbao za kuunganishia, zile zinazoitwa bloku za 66 au za 110, ambamo waya husukumwa kwa kifaa maalumu hadi ukakamatwa na meno ya chuma. Jozi nane zikipita katika vyumba vitatu ni viungo vingi, na kila kimoja ni mahali pa kutu, ulegevu au makosa. Kwenye bloku za 66 za aina iliyogawanyika, upande wa kampuni na upande wa mteja huungwa kwa vibanio vidogo. Kibanio kimoja kikiondolewa na fundi wa mpangaji mwingine aliyekuwa akitafuta jozi yake, jozi ya watu imekatika.

Kosa baya kuliko yote ni lile lisiloonekana. Fundi asiye makini huchukua waya mmoja wa jozi ya buluu na mwingine wa jozi ya chungwa. Kipimo cha kawaida cha umeme kitaonyesha kuwa njia ni nzima, kwa sababu shaba imeungana toka mwanzo hadi mwisho. Lakini kazi ya msokoto wa jozi ni kuzuia kelele za jozi jirani, na nyaya mbili zisizosokotwa pamoja hazina kinga hiyo. Simu ya sauti huweza kuvumilia hali hiyo, SHDSL haivumilii.

Majengo ya zamani yana mtego wa namna nyingine. Mafundi wa enzi hizo walikuwa wakiiweka jozi moja ionekane katika ghorofa kadhaa, ili itumiwe na yeyote atakayeihitaji kwanza. Kwa simu halikuwa kosa. Kwa data, kipande cha waya kinachoning'inia bila mwisho katika ghorofa ya saba hurudisha mwangwi wa ishara na kuila kasi ya jozi inayoelekea ghorofa ya 12. Kipande hicho lazima kitafutwe na kukatwa.

Aidha, sifa inayosifiwa zaidi ya huduma hii ndiyo inayoficha magonjwa yake. Kwa kuwa jozi zimefungwa pamoja, moja ikifa huduma haifi. Mteja aliyekuwa na jozi nane za megabiti 5 hubaki na saba, na megabiti zake 40 huwa 35. Hakuna kengele inayolia ofisini. Mtu hulalamika kuwa mtandao umekuwa mzito, huambiwa azime kompyuta na kuiwasha tena, na jozi iliyokufa huendelea kulala katika chumba cha nyaya hadi ya pili imfuate mwenzake.

Pale etheneti inapopanda

Njia ya pili inavutia kwa sababu ni waya mmoja badala ya nane. Kifaa cha kampuni hufungwa ukutani katika chumba cha simu, na kebo moja ya kundi la 5e au la 6 hupanda hadi kwenye swichi ya mpangaji.

Sharti lake la kwanza ni umbali. Etheneti ya nyaya zilizosokotwa imewekewa ukomo wa mita 100: mita 90 za kebo ya kudumu ukutani na mita 10 za nyaya za kuchomeka katika ncha zote mbili. Ghorofa ya 12, kwa wastani wa mita 4 kila ghorofa, ni mita 48 za kupanda. Ukiongeza mita 30 za kuzunguka chini na kupita juu ya dari, bado inaingia. Ghorofa ya 20 haiingii. Katika jengo kama Empire State la New York, ambalo paa lake liko mita 381 kutoka barabarani, sehemu kubwa ya wapangaji wako nje ya ukomo huo.

Sharti la pili ni aina ya waya, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Mwenye jengo huona kebo yake ya simu ina jozi nyingi zisizo na kazi, na hushauri etheneti ipitishwe humo humo ili kuepuka gharama ya kebo mpya. Kebo hizo kwa kawaida ni za kundi la 3, zilizotengenezwa kwa ajili ya sauti. Etheneti ya zamani ya megabiti 10 hupita humo bila shida. Ile ya megabiti 100 inahitaji kundi la 5.

Tatizo ni kwamba vifaa viwili vikikutana kwenye waya mbaya, vinaweza kukubaliana kasi ambayo waya hauwezi kuibeba. Mazungumzo ya kukubaliana kasi hufanyika kwa mapigo mepesi ambayo hata waya hafifu huyapitisha. Taa ya kijani huwaka, skrini huonyesha megabiti 100, na fundi huondoka akiwa ameridhika. Baada ya hapo pakiti huanza kupotea. Barua pepe ndogo hupita, faili kubwa hukwama, na simu za intaneti hukatikakatika. Dawa ya haraka ni kuvilazimisha vifaa vyote viwili kutumia megabiti 10; dawa ya kweli ni kebo mpya.

Kulazimisha kasi nako kuna hatari yake. Kampuni nyingi zilikuwa na desturi ya kukifunga kifaa chao kwenye megabiti 100 za pande mbili kwa wakati mmoja, bila kuruhusu mazungumzo. Swichi ya mpangaji iliyoachwa ijichagulie yenyewe haipati jibu kutoka upande wa pili, na kwa mujibu wa kanuni huchukua njia ya tahadhari ya kuzungumza kwa zamu. Upande mmoja huzungumza muda wote, mwingine husubiri zamu yake, na migongano huwa haiishi. Ikumbukwe kuwa mtandao wa namna hiyo hufanya kazi vizuri asubuhi kabla wafanyakazi hawajafika, na hudorora saa nne, wote wakiwa mezani.

Halafu kuna umeme. Chumba cha simu si ofisi. Huenda kikawa na soketi moja iliyokwisha kujaa plagi za wapangaji wengine, kisiwe na betri ya akiba, na ufunguo wake ukawa kwa msimamizi wa jengo ambaye huondoka saa kumi na moja jioni. Kifaa kikizimika Ijumaa usiku, mpangaji hubaki bila mtandao hadi Jumatatu kwa sababu ya kitufe kimoja kilicho nyuma ya mlango uliofungwa.

Pale umbali unapozidi, njia ya tatu ni kulaza faiba kutoka chumba cha simu hadi ofisini na kuweka vigeuzi katika ncha mbili. Faiba ya kawaida ya majengo hubeba megabiti 100 hadi kilomita 2, umbali unaotosha jengo lolote lililowahi kujengwa. Ila vigeuzi ni vifaa viwili zaidi vya kuharibika, na kile cha chini kinaitaka soketi ile ile iliyojaa.

Kwa kupima yote hayo, kukiweka kifaa cha kampuni ofisini ni bora pale jozi za jengo zilipo safi. Kifaa huwa chini ya ulinzi na umeme wa mpangaji mwenyewe, na kampuni ikiipima huduma kutoka kituoni, kipimo hicho hufika hadi juu na kupitia kipande chote cha ndani. Kifaa kikiwa chini, kampuni hupima hadi hapo, hukuta kila kitu ni kizima, na mpangaji hubaki peke yake na mita 80 zake. Lakini jozi zikiwa chafu, hakuna sababu ya kuzibembeleza: ni afadhali kebo mpya ya kundi la 6, iwapo umbali unaruhusu.

Mwenye ufunguo

Si kila fundi anaruhusiwa kugusa njia ya wima ya nyaya. Majengo mengi makubwa yameikabidhi njia hiyo kwa kampuni moja ya usimamizi, na ni mafundi wake peke yao wanaopitisha waya humo. Bei yao haina mshindani ndani ya jengo hilo, na foleni yao haijali tarehe ya mpangaji ya kuhamia.

FCC imeingilia sehemu ya mahusiano hayo. Mwaka 2000 iliyapiga marufuku makampuni ya simu kuingia mikataba ya kuwa mtoa huduma pekee katika majengo ya biashara, na mwaka 2022 ikazuia baadhi ya mipango ya kugawana mapato kati ya kampuni na wenye majengo. Hatua hizo zinamhakikishia mpangaji nafasi ya kuchagua kampuni. Hazimhakikishii fundi wa kumpandishia waya wake Alhamisi hii.

Kanuni za moto nazo zina neno. Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani, NEC, inataka kebo zinazopanda kutoka ghorofa hadi ghorofa ziwe na ganda lisilopandisha moto, na zile zinazopita juu ya dari mahali panapozungushiwa hewa ya jengo ziwe za aina inayotoa moshi kidogo zaidi. Kebo ya bei nafuu iliyonunuliwa dukani na kupitishwa usiku na binamu wa mkurugenzi huweza kuamriwa iondolewe na mkaguzi, hata kama inafanya kazi barabara.

Kukabidhiana

Siku ya makabidhiano ina mambo machache yanayotofautisha kazi iliyokwisha na kazi iliyoachwa. Kila jozi hupimwa peke yake kutoka kikomo hadi ofisini, si kundi zima kwa pamoja, kwa sababu kundi huficha mgonjwa. Kila kiungo huwekwa lebo yenye namba ya laini, namba ya ofisi na tarehe. Kasi ya kila jozi husomwa kwenye kifaa na kuandikwa, ili miezi sita baadaye mtu anayelalamika kuwa mtandao umekuwa mzito awe na cha kulinganishia.

Kipimo cha kasi hufanywa kwa kompyuta iliyochomekwa moja kwa moja kwenye kifaa cha kampuni, bila swichi wala ruta ya mpangaji katikati. Kikiwa kizuri hapo na kibaya mezani, tatizo ni la mpangaji. Kikiwa kibaya hapo hapo, fundi asiruhusiwe kuondoka na saini.

Nani alipe, hilo huamuliwa na maandishi. Kampuni nyingi huuza upandishaji wa waya kama huduma ya ziada yenye bei yake na yenye ukomo wa umbali au wa saa za kazi. Baadhi ya wenye majengo hukubali kuulipia kama sehemu ya matengenezo ya kumkaribisha mpangaji, iwapo ombi litatolewa wakati wa kujadili kodi. Likitolewa baada ya mkataba wa upangaji kutiwa saini, jibu hubadilika.

Shaba inaondoka

Mpangaji wa leo anayeuziwa huduma hii ana swali ambalo mwenzake wa mwaka 2008 hakuwa nalo: nyaya zenyewe zitakuwapo hadi lini.

Oktoba 2020 FCC ilipunguza wajibu wa makampuni yenye mtandao wa kuwakodishia washindani nyaya zao, hususan katika maeneo ya mijini ambako ushindani ulionekana kutosha. Desemba 2024, AT&T ilitangaza mpango wa kuachana na mtandao wake wa shaba katika sehemu kubwa ya maeneo inayoyahudumia ifikapo mwisho wa mwaka 2029. California haimo katika mpango huo. Mwezi Juni wa mwaka huo huo tume ya huduma za umma ya jimbo hilo ilikuwa imelikataa ombi la kampuni hiyo la kuondolewa wajibu wa kumhudumia kila mteja.

Kwa hiyo mkataba wa miaka mitatu wa etheneti ya shaba unahitaji kifungu kinachoeleza kitakachotokea iwapo jozi zitaondolewa katikati ya muda: nani atalaza faiba, kwa bei gani, na kama itafika juu au itaishia tena katika chumba cha simu.

Kinachoondolewa na makampuni ni shaba ya barabarani. Ile iliyo ndani ya jengo, juu ya kikomo, hubaki kuwa ya mwenye jengo. Tangu toleo la mwaka 2002, kanuni ya NEC inataka kebo zilizotelekezwa na zinazofikika ziondolewe, isipokuwa zile zilizobandikwa lebo ya kuonyesha kuwa zimehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Lebo ni karatasi tu, na kuzivuta kebo za ghorofa 12 ni kazi ya siku nyingi. Wenye majengo wengi hubandika lebo.